Zaiko, Korali Yetu na Kosa la Kapita



Tunajua namna mulivyotuzoea. Kapita akiandika, ni juu ya vitanda visivyotandikwa, ao juu ya wale wanaoruka lupango ya shule kwenda kununua mikate sokoni. Leo tunaviacha vitanda. Tunataka kutoa mawazo yetu juu ya orkestra tunayoipenda kuliko zote, ni kusema Zaiko Langa Langa ya Kinshasa. Wengine watakunja uso na kuuliza: "Mwanafunzi wa shule ya Kiprotestanti, tena kapita, anaandika juu ya Zaiko?" Tunawaomba musome mpaka mustari wa mwisho, kwa maana iko kijana mumoja wa shule hii anayengojea neno letu, na neno lenyewe tumelichelewesha sana.

Mambo yalianza hivi. Trimestri iliyopita, usiku mumoja kama saa nne na nusu, kengele ya kulala ilikuwa imekwisha kulia zamani. Tulipita katika dortuari ya wadogo kama kazi yetu inavyotaka. Umeme wa Bendera ulikuwa umekatika, giza tupu, paka mawimbi ya ziwa yalisikika. Chini ya blanketi moja tuliona mwanga. Tulifunua, tukakuta mwanafunzi wa mwaka wa pili na telefone, waya moja katika sikio lake na waya ingine katika sikio la jirani yake. Walikuwa wanasikiliza Zaiko. Tulinyanganya telefone. Yule mudogo hakulia wala hakuomba musamaha. Alituuliza neno moja tu:

"Yaya kapita, ile wimbo njo ile unaimbaka ku robine asubui wakati unanawa. Sasa kosa yangu ni gani?"

Tulimujibu: "Kosa yako ni saa." Jibu hilo lilikuwa la kweli. Lakini kesho yake, mbele ya kitabu cha disiplini, sisi hatukuandika hivyo. Tutarudi pale. Kwanza tueleze kwa nini kapita mwenyewe anaimba wimbo wa Zaiko ku robine.

Zaiko ilizaliwa Kinshasa tarehe 24 Desemba 1969, usiku wa kuamkia Noeli. Wakubwa waliosimamia kazi, kama D. V. Moanda na Henri Mongombe, walikusanya vijana, na wengi wa vijana wale walikuwa watu wa umri wetu sisi. Nyoka Longo alikuwa na miaka 16. Manuaku Waku, aliyeshika gitari ya solo, alikuwa na miaka 15, sawasawa na mutoto wa mwaka wa tatu hapa kwetu. Shungu Wembadio, yule dunia nzima ilimujua baadaye kwa jina la Papa Wemba, alikuwa na miaka 20, na wadogo wake walimuona kama muzee. Basi musituambie kwamba vijana hawawezi kuanza kazi ya kudumu. Kazi waliyoianza wale inapita sasa miaka 50.

Jina lao wanalieleza hivi: Zaiko ni Zaire ya bankoko, Zaire ya mababu. Mwanafunzi wa historia atauliza: mwaka 1969 inchi si ilikuwa inaitwa Kongo? Ni kweli. Inchi ilipata jina la Zaire mwaka 1971. Lakini muto ulikuwa na jina hilo toka zamani za Wareno. Kwa hiyo vijana walitangulia serikali miaka miwili.

Walipoanza, muziki wa Kongo ulikuwa katika mikono ya wakubwa. Franco na OK Jazz walikuwa wanapiga toka mwaka 1956. Rochereau alikuwa na watu wake. Orkestra kubwa zilikuwa na tarumbeta na saksofoni, na watu walicheza polepole kama wazazi wetu siku ya ndoa. Vijana wa Zaiko waliacha tarumbeta. Waliweka gitari za umeme mbele, ngoma kali nyuma, na waimbaji wengi pamoja. Ulaya na Marekani, miaka ile ile, vijana walikuwa na roki, walikuwa na Beatles na Rolling Stones. Mutu akituuliza roki ya Kongo ni nini, sisi tutamujibu: ni Zaiko. Zaiko haifanani na roki kwa sauti. Lakini ilifanya kazi ile ile. Vijana walishika gitari, wakasema na wakubwa kwa sauti yao wenyewe, na kisha miaka michache wakubwa nao walianza kuwafwata.

Sasa tuseme sababu zetu tatu.

Sababu ya kwanza ni ngoma. Zaiko ndiyo ilitoa mupigo unaoitwa kavasha. Mupigaji alikuwa Meridjo Belobi, aliyefariki mwaka 2020. Inasimuliwa kwamba mupigo ule ulitoka katika gari moshi: wanamuziki walikuwa safarini kwa reli kati ya Brazzaville na Pointe-Noire, wakasikia mulio wa magurudumu, wakaubeba mpaka Kinshasa na kuuweka juu ya ngoma. Mutu wa mji mwingine anaweza kuona hii kuwa hadisi tu. Mutu wa Kalemie hawezi. Reli yetu ilifika ziwani mwaka 1915, wakati mji ulikuwa unaitwa Albertville, na watu wa hapa wamezaliwa na kuzikwa katika mulio ule. Baba yetu mudogo alitumika reli miaka mingi. Siku moja tulipokuwa watoto alituchukua mpaka kwenye njia ya Kabalo, gari la mizigo likapita, akatuambia: "Sikiya muzuri. Usiangarie, sikiya." Jioni, nyumbani, alitia kaseti ya Zaiko katika redio yake ya zamani. Tukasikia gari lile lile. Toka siku ile hatukuwa tena na dawa ya kuacha Zaiko.

Na mupigo ule haukubakia Kinshasa. Sisi watu wa huku tunapashwa kujua jambo hili, kwa maana ni heshima yetu. Iko orkestra ilianza huku Kongo mwaka 1967 kwa jina la Super Vox, chini ya Mutonkole Longwa Didos. Ilifika Nairobi mwaka 1974 na kujiita Super Mazembe. Mwaka 1976, pale pale Nairobi, Mangelepa walitoka katika orkestra ya Baba Gaston, aliyekuwa mutu wa Katanga. Hawa wote walipiga kavasha, na waliimba Lingala lakini Kiswahili pia. Mwaka 2024 vijana wa Kenya walikuwa wanaimba tena Kasongo, wimbo wa Super Mazembe, na waimbaji wengi wa wimbo huo hawakuwa wamezaliwa ulipotoka. Basi mulio wa reli uliingia Kinshasa, ukafika Nairobi, na kule ukasema kwa luga yetu. Mwalimu wa jiografia ana ramani nyingi. Tunafikiri hii nayo ni ramani.

Sababu ya pili ni gitari. Wengi wanasikia Zaiko wanasema: "Ni makelele." Tunawaomba wafanye jambo moja: wasikilize gitari moja tu toka mwanzo mpaka mwisho, wasiangalie zingine. Iko gitari ya solo, ile inayopanda juu na kulia kama ndege. Watu wote wanaijua. Chini yake iko mi-solo, inayojibu. Iko besi, inayotembea kama mutu mukubwa mwenye mizigo. Na iko ile wanaita akompanyema. Mutu wa akompanyema anarudilia maneno yale yale mafupi, dakika tano, dakika kumi. Hakuna anayemupigia makofi, hakuna anayetaja jina lake. Lakini mujaribu kumuondoa: wote wanaanguka, solo naye anaanguka.

Tuliposikia jambo hili kwa mara ya kwanza tulikuwa mwaka wa pili, na tulikuwa na hasira kwa sababu walitupa kazi ya kuchota maji ya jikoni wakati wengine wanacheza mupira na kushangiliwa. Tulisikiliza akompanyema, hasira ikapungua. Hatusemi iliisha. Ilipungua. Katika shule yetu wako watu wa solo: wale wa kwanza katika masomo, wale wa mupira, hata kapita. Lakini wako watu wa akompanyema: mama wa jikoni anayeamka saa kumi, muzee wa kengele, mwanafunzi anayefuta ubao kila siku bila kuambiwa. Zaiko ilitufundisha kuwasikia. Somo hili hatukulipata katika kitabu.

Na tena: katika sebeni nzuri ya Zaiko kila gitari inaachia ingine nafasi. Solo akipanda, mi-solo anashuka. Mutu hapigi kwa sababu ana mikono, anapiga kwa sababu zamu yake imefika. Tungeomba mikutano yetu ya wanafunzi ifanyike vile.

Sababu ya tatu ni sauti. Kabla ya sebeni, katika sehemu ile ya polepole, waimbaji watatu ao wane wanaimba pamoja, na mumoja anatoka kidogo, anarudi, mwingine anatoka. Sisi tunapenda zaidi sauti ya Bimi Ombale, aliyefariki mwaka 2011. Huyu alianza nyuma ya ngoma kabla ya kusimama mbele na kuimba, na tunafikiri ndiyo sababu alijua saa ya kuingia na saa ya kunyamaza. Lingala hatuisikii yote, tunakiri. Rafiki yetu mumoja anatuchekaka: "Munalia juu ya maneno hamuyue." Lakini mutoto mudogo naye hajui maneno ya mama yake, na bado analala akiimbiwa.

Hizi ndizo sababu zetu. Lakini mutu anayependa kitu bila kuona kilema chake hakipendi, anakiabudu, na sisi hatutaki kuabudu orkestra. Basi tuseme na yasiyotupendeza.

La kwanza ni kugawanyika. Mwaka 1974 Papa Wemba, Evoloko na wengine walitoka na kuanzisha Isifi Lokole. Isifi nayo ilipasuka, ikazaa Yoka Lokole. Mwaka 1977 Papa Wemba alianzisha Viva la Musica. Mwaka 1980 Manuaku Waku alitoka na kufanya Grand Zaiko Wawa. Mwaka 1981 walitoka wale wa Langa Langa Stars. Mwaka 1988 Bimi Ombale na wenzake walitoka, ikawa Familia Dei. Mwalimu wetu wa hesabu anaweza kuchora muti wenye matawi. Wako wapenzi wa Zaiko wanaosema: ni vizuri, kila tawi limezaa matunda. Ni kweli, matunda yalikuwa mengi, na Papa Wemba aliimba mpaka siku aliyoanguka jukwaani Abidjan, tarehe 24 Aprili 2016. Lakini sisi tunamusifu zaidi Nyoka Longo, yule wa miaka 16, aliyebakia. Kila mara wenzake walipotoka alitafuta vijana wengine, akawafundisha, akaanza tena. Kutoka kunahitaji hasira ya siku moja. Kubaki kunahitaji moyo kila asubui.

La pili ni kutaja majina ya matajiri, ile wanaita kutupa mabanga. Mutu analipa feza ili jina lake liingie katika wimbo. Zaiko hawako peke yao, orkestra karibu zote za Kinshasa zinafanya. Lakini wimbo wa huzuni unaokatwa katikati ili kumusifu mwenye duka unatuumiza masikio. Ni kama mwalimu akisimamisha somo la fizika ili kusalimia wazazi wenye magari.

La tatu ni makelele ya atalaku. Hapa tutakosana na wengi. Mwaka 1982 Zaiko walichukua vijana waliokuwa wanapiga ngoma za kienyeji, Nono na Bebe, kazi yao kupaza sauti na kuamsha watu wakati wa sebeni. Walitikisa kayamba iliyotengenezwa kwa mukebe wa dawa ya kuua wadudu wenye mbegu ndani. Mukebe ule tunaupenda: kitu cha kutupwa kilichofanywa chombo cha muziki. Lakini siku hizi mupaza sauti amekuwa mukubwa kuliko mwimbaji, na gitari hazisikiki tena. Tunapenda zaidi Zaiko ya kaseti za baba mudogo kuliko nyimbo nyingi wanazopiga vijana wa leo juu ya telefone. Mutatuita wazee. Haizuru.

Sasa tufike kwetu, kwa maana hatukuandika kurasa hizi ili kusifu watu wa Kinshasa wasiotujua.

Korali ya shule yetu inapiga gitari. Siku ya Mungu, wimbo wa mwisho ukiisha maneno, gitari zinaendelea, na sisi wote tunasimama. Ile inaitwa nini? Ni sebeni. Mi-solo iko, akompanyema iko, na ngoma inapiga kavasha mbele ya Muchungaji, naye anatikisa kichwa na kufurahi. Sebeni haikutoka katika kitabu cha nyimbo. Vidole vya watoto wetu viliisoma katika redio, katika kaseti, katika telefone za wakubwa wao. Tunasifu vidole siku ya Mungu, na siku ya kwanza tunahukumu mahali vilikojifunza. Jambo hili halisimami sawa.

Watu wenye nia nzuri wanatujibu: muziki wa dunia unaleta mawazo ya bar, pombe na tamaa. Hatukatai kwamba iko nyimbo hazifai mutoto, hata mutu mukubwa. Hatuombi maneno ya Zaiko yaimbwe katika ibada. Lakini gitari haina zambi katika waya zake. Kisu kile kile kinachopasua mikeke kwa ajili ya wageni kinaweza kuumiza mutu, na hakuna nyumba moja ya Kalemie iliyotupa visu. Zaburi ya 150 inataja tarumbeta, kinanda, matari na matoazi, na vyombo vile vilipigwa pia katika karamu za wafalme. Zaidi ya hayo, mwezi wa Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo mbili katika urizi wa dunia. Inchi zote zinautunza urizi huo, na sisi wenye mali tunauficha chini ya blanketi.

Sasa tunarudi kwenye kitabu cha disiplini.

Juma lile, mbele ya usiku ule, tulikuwa tumeambiwa kwamba sisi makapita tumekuwa laini kwa wadogo. Maneno yale yalituchoma. Tulitaka kuonyesha kwamba tunatumika. Kwa hiyo tulipofungua kitabu hatukuandika: "Amekutwa na telefone kisha kengele." Tuliandika: "Amekutwa akisikiliza muziki wa dunia usiku." Tulijua neno gani ni nzito. Tulilichagua kwa sababu ni nzito.

Kosa la telefone lilikuwa na azabu yake, na yule mudogo aliipata: kukata majani siku tatu, na telefone kurudishwa kwa wazazi mwisho wa trimestri. Hapo hakuna aliyeonewa. Lakini kwa sababu ya neno letu aliongezewa ingine: aliondolewa katika korali. Ninyi wote munajua alikuwa anapiga nini. Alikuwa anapiga besi. Toka siku ile besi inalala katika sanduku, na korali yetu imekuwa kama nyumba isiyo na musingi. Wageni hawajui kinachokosekana. Sisi tunajua.

Na jambo linalotuzuia kulala ni hili. Yule mutoto alipoitwa na kuulizwa, angeweza kusema: "Hata kapita anaimbaka ile wimbo." Lilikuwa kweli, na lingemusaidia. Hakulisema. Mutoto wa mwaka wa pili alitusitiri, sisi wa mwaka wa mwisho wenye kitambaa cha ukapita mukononi. Tulinyamaza. Tulipita mbele yake kila siku katika mustari wa chakula, naye alitusalimia, "Jambo yaya," kama kawaida. Tungependelea atutukane.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, na tunayaomba katika kikaratasi hiki mbele ya wote, kwa sababu neno baya liliandikwa, na neno la kulisahihisha nalo liandikwe.

Kwanza, kwako Bwana Prefe, na kwa Bwana Direkta wa disiplini: tunaomba neno "muziki wa dunia" lifutwe katika kitabu, na pahali pake paandikwe kosa lenyewe, ni kusema telefone kisha kengele. Tunaomba mudogo wetu arudishwe katika korali. Ikiwa neno lile lina azabu, tunaomba ianguke juu yetu tuliolichagua, hata kama ni kuvua kitambaa cha ukapita kabla ya mutihani wa serikali. Hatusemi hivi ili tusifiwe. Kitambaa kile siku hizi kinabana mukono.

Pili, kwa mwalimu wa korali na Muchungaji wa shule: tunaomba siku ya posho moja katika mwezi, saa moja tu kisha chakula, tukae katika sale tusikilize muziki wa inchi yetu mbele ya wakubwa, mwalimu akichagua nyimbo. Atueleze gitari hii inafanya nini, sauti ile inaingia namna gani, na maneno gani ni mabaya, na kwa nini. Mutoto anayesikiliza pamoja na mukubwa anajifunza kuchagua. Anayesikiliza chini ya blanketi anajifunza kujificha tu. Kaseti za baba yetu mudogo tutazileta sisi, na redio pia, ikiwa umeme utakubali.

Tatu, kwa wanafunzi wenzetu. Musifikiri tumelegea. Telefone kisha kengele ni mukatazo, na usiku wa leo tutapita tena. Tukikuta telefone tutanyanganya, iwe inapiga Zaiko, iwe inapiga Zaburi. Tofauti ni kwamba tutaandika kile tulichokiona, si kile kitakachotupendezesha kwa wakubwa.

Wengine watasema kapita amejishusha. Tumefikiri sana juu ya jambo hilo. Katika Zaiko mutu wa solo akikosea, anasikika kuliko wote, na hawezi kusema ni ngoma iliyokosea. Anapashwa kurudi katika mupigo mbele ya watu. Hakuna njia ingine, na wenzake wanamungojea wakirudilia maneno yale yale mpaka arudi.

Kwako mudogo wetu wa mwaka wa pili, jina lako hatuliandiki, lakini unajijua. Uliuliza kosa yako ni gani. Tulikujibu ni saa, na jibu lilikuwa la kweli. Lakini hatukukuambia kosa letu, na sasa umelisoma. Utusamehe. Ukirudi katika korali, siku ya Mungu tutakuwa kwenye benchi ya pili, karibu na dirisha la upande wa ziwa. Wimbo wa mwisho ukiisha maneno, utupe ile besi, na usiogope kututazama.

Sisi, kapita wenu wa internati, mwaka wa kumaliza, Kalemie.